Chuma Kilichokunywa Maji Makali

Kwa mwanangu Athumani,

Nguo zako mama yako amekwisha kuzikunja, na habari za chakula cha melini, za sala, za kuchagua marafiki na za kututumia salamu amekuambia mara tatu leo. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa chumba cha nyuma tangu adhuhuri, naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni kwa sababu hizi za Wadachi mkono wangu hauzitii. Karatasi hizi nitakupa kabla ya magharibi. Uzisome leo leo, ukiwa bado uko Lindi, usingoje mpaka melini. Nataka uwe na nafasi ya kugeuka, kama utataka kugeuka.

Siku ile ulipoleta barua ya kukuita kazini Dar es Salaam, kwenye karakana ya reli, ulisema kwamba Mdachi mkuu wa karakana amekutaja kwa jina lako na jina la baba yako. Ulifurahi, na mama yako akapiga vigelegele. Mimi niliomba kuiona sahihi, nikaitazama, nikakurudishia karatasi yako, nikaenda kufua jembe ambalo halikuwa na haraka yoyote. Najua ulidhani sipendi uondoke. Sivyo. Mkono uliotia sahihi ile ninaujua. Ni wa bwana tuliyekuwa tukimwita Bwana Miwani, kule Kilwa Kivinje, na kati yangu na yeye kuna jambo ambalo hujapata kulisikia kinywani mwangu.

Ulikuwa na umri wa miaka saba hivi tulipokaa Kivinje. Huenda unamkumbuka Mtopela, yule mtu mrefu wa Umatumbi aliyekuwa akikutengenezea vigari vya mabati. Uliniuliza siku moja amekwenda wapi, nikakuambia amerudi kwao milimani. Hakurudi kwao. Habari yake ndiyo hii.

Karakana yetu ilikuwa karibu na forodha. Tulitengeneza mashine za kuchambulia pamba, bawaba, minyororo, na vyombo vya gatini. Wewe unajua kutu ya pwani ilivyo. Msumari uliopigiliwa Ijumaa hii, Ijumaa ya pili umekwisha kuvaa wekundu. Bwana Miwani alikuja na ufundi wa kwao wa kukivika chuma zinki ili chumvi isikile. Alileta mitungi ya betri, nyaya za shaba na madebe ya dawa. Kwanza chuma kinalowekwa katika maji makali, yale yanayounguza ngozi, mpaka kutu na masizi yatoke. Kisha kinaoshwa, kinaning'inizwa kwa waya katika birika la dawa ya zinki, na nguvu ya betri inakivika koti jeupe taratibu. Kinatoka kinang'aa kama samaki aliyevuliwa sasa hivi. Kazi ile nilipewa mimi. Watu walikuja kusimama mlangoni kunitazama, nami nikajiona mtu.

Mtopela hakuja kwa kupenda. Akida wa serikali alimshusha kutoka milimani pamoja na watu wengine wa kazi ya lazima. Lakini alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, na hata Bwana Miwani alilitambua hilo kwa siku moja. Feleji, kile chuma kigumu kinachopikwa na kuzimwa ghafla majini ili kifae kwa patasi na springi, alikuwa akiigonga kwa ukucha na kuisogeza sikioni. Akikuambia haifai, haikufaa. Nilimzidi kwa kusoma na kuandika, na kwa kulijua birika la zinki. Kwa mengine yote alikuwa mwalimu wangu, ingawa sikupata kumwita hivyo.

Tatizo lilianza na sindano. Zilikuwa sindano kubwa za kushonea marobota ya pamba, ndefu kama shibiri, za feleji. Nilizivika zinki, zikapendeza, zikapelekwa ghalani, na baada ya siku mbili zikarudi vipande vipande. Tukadhani zimezimwa vibaya. Tukatengeneza nyingine, zikavunjika vilevile. Misumari, ndoo na bawaba, ambavyo ni chuma laini, havikuwa na shida yoyote. Ni feleji peke yake iliyovunjika, na kadiri ilivyopikwa ikawa ngumu ndivyo ilivyovunjika upesi. Na ajabu yake ni kwamba ukiigonga kwa nyundo, ilistahimili. Lakini ukiikunja kidogo, ukaifunga hivyo ilivyokunjwa, ukaenda kula chakula chako, ulirudi ukaikuta imekatika bila mtu kuigusa. Nyingine zilingoja mpaka kesho yake.

Mtopela alikaa siku mbili akilitazama birika. Mwishowe alinionyesha mapovu madogo yaliyokishika chuma pande zote, kwanza katika maji makali, kisha katika dawa ya zinki.

"Unaona?" alisema. "Chuma kinakunywa. Halafu wewe unakivika koti. Alichokunywa mtu kitatokea wapi, ukimziba mdomo?"

Hata leo sijui jina la kitu kile kinachoingia. Labda huko uendako wanalijua.

Dawa yake aliiona yeye pia, na aliiona kwa bahati. Alikuwa akichoma mhogo katika majivu ya tanuri, sindano moja ikamdondoka humo, akaja kuikuta asubuhi. Akaikunja, akaifunga, akaiacha kutwa. Haikukatika. Tukajaribu sindano kumi, zote zikastahimili. Basi tukajua. Majivu yawe ya moto wa kiasi: tone la mate likidondoka lichemke, lakini chuma kisibadili rangi, maana moto ukizidi feleji inalegea. Kikae humo usiku kucha. Na kiingie mara tu kitokapo kwenye zinki. Kikichelewa, ufa wa ndani huwa umekwisha kuanza, na majivu hayaungi ufa.

Tulimweleza Bwana Miwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua sindano iliyolala majivuni, akaona mng'ao wake umefifia. Alisema kwao chuma huvikwa hivi hivi na hakuna anayekioka kama mhogo. Akaagiza tuache. Tulipotoka, mimi na Mtopela tulikubaliana kwamba kila kipande cha feleji tutakipitisha majivuni kwa siri kisha nitakisugua kwa kitambaa mpaka king'ae tena. Tulifanya hivyo miezi mingi, na hakuna kilichorudi kimevunjika. Bwana Miwani alidhani sindano zake zimepona zenyewe.

Kisha vita vikaja. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka jinsi sisi wakubwa tulivyoacha kuzungumza barazani. Habari zilishuka kutoka Umatumbi kwamba watu wameng'oa pamba ya serikali, na kwamba kuna dawa ya maji, anayenyunyiziwa risasi haimwingii. Askari wakaongezwa mjini. Mtu wa milimani akipita, watu walimtazama mikononi. Neno maji lenyewe likawa la hatari. Sokoni mtu aliomba maji ya kunywa kwa kunong'ona. Mtopela aliachwa kwa sababu Bwana Miwani alimdhamini, akaamriwa alale karakanani asionekane njiani.

Siku hizo hizo winchi ya gatini iliharibika. Unaijua winchi: kuna gurudumu la meno, na kuna kipande kidogo kinachoingia kati ya meno ili mzigo uliopandishwa usirudi chini. Kipande hicho tunakiita ulimi. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu, na meli ya askari na risasi ilikuwa njiani. Nikaamriwa nitengeneze mpya kwa feleji nzuri, niuvike zinki. Niliufua, nikauzima, nikauvika. Ulitoka birikani wakati wa alasiri. Mtopela alikuwa amekwenda na askari tangu alfajiri kuchukua makaa. Nikawa natayarisha majivu.

Bwana Miwani akaja mwenyewe, anatoka jasho. Moshi wa meli ulikuwa umeonekana. Akanyoosha mkono.

Nilimwambia, "Bwana, bado haujaiva."

Akautazama. "Unang'aa," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno jingine. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote, akasema kwamba vita vikiisha mimi ndiye nitakayekuwa msimamizi wa karakana. Nikampa.

Jambo hilo, mwanangu, ninaweza kulisimamia hata leo. Palikuwa na haraka, palikuwa na bwana na vita, na ningeweza kusema sikuwa na hiari. La pili silisimamii. Mtopela alirudi jua linakuchwa, akaona waya wa birika hauna kitu. Akaniuliza kama ulimi umepita majivuni. Nikamwambia umepita, tena tangu asubuhi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona haya tu, haya ya mwanafunzi mbele ya mwalimu. Ningemwambia kweli tungekwenda gatini pamoja, tukasema lolote, hata kwamba ulimi hauna vipimo, na ungetolewa, kwa sababu kazi ya kupakua ilianza kesho yake. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilikwenda nyumbani nikala.

Asubuhi winchi ilifanya kazi vizuri. Mpaka saa sita mizigo ilikuwa inapanda na kushuka, nami nikaanza kupumua. Shehena ya mwisho ilikuwa masanduku manne ya risasi katika wavu. Ilipandishwa, kisha wakaambiwa wangoje, mkokoteni wa kuipokea umekwama njiani. Basi mzigo ukabaki juu, umeshikwa na ulimi ule peke yake. Jua lilikuwa kali na gati halina kivuli. Mpagazi mmoja Mmakonde, mtu wa makamo, jina lake Chitanda, akaketi chini ya mzigo, katika kivuli chake. Walikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyegusa kitu. Waliokuwapo wanasema walisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Mkono wa winchi ukazunguka, ukamvunja askari bega, na masanduku yakashuka.

Chitanda alikufa palepale.

Mtopela na mimi tulifika tukikimbia. Aliokota kipande cha ulimi, akaigeuza sehemu iliyokatika kwenye mwanga. Haikuwa imevutika wala kupinda. Ilikuwa na punje punje kama chumvi ya mawe. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo alipojua, nami nikajua kwamba amejua.

Tulikamatwa wote wa karakana alasiri ile. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alituhoji mmoja mmoja, na karani akitafsiri. Walitaka kujua nani ameharibu winchi ili risasi zisiende vitani. Mtopela alipoulizwa ulimi umevunjwa na nini, alijibu jibu la fundi: yameuvunja maji. Alijaribu kueleza, lakini baada ya neno lile hakuna aliyesikiliza. Mmatumbi mbele ya boma, katika mwezi ule, amesema maji yamevunja chuma cha serikali. Karani alikuwa ameinama anaandika.

Angeweza kunitaja. Angesema, muulizeni Mfaume kama aliuoka. Hakunitaja.

Nikaitwa mimi. Bwana Miwani alikuwa amesimama ukutani, anafuta miwani yake. Karani akaniuliza, "Umepata kumsikia mtu huyu akisema habari za maji?"

"Nimemsikia," nikajibu.

"Alisema maji yana nguvu gani?"

"Alisema yanaharibu chuma."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, Athumani. Nimelipima mara nyingi na sijaona uongo ndani yake. Na bado neno lile ndilo lililomfunga kitanzi. Tangu siku hiyo mtu akiniambia alisema kweli, huwa namwuliza ni kweli nzima au ni kipande.

Mimi niliachiliwa. Mtopela alihukumiwa kunyongwa baada ya siku nne. Nikarudi nyumbani, na siku mbili nzima sikutoka. Ndizo siku ulizoniuliza, nami nikakudanganya. Nilijiambia kwamba nikisema, tutanyongwa wawili badala ya mmoja. Nilijiambia mama yako ana mimba. Yalikuwa maneno ya maana, na mtu akiwa mwoga hakosi kupata maneno ya maana.

Siku ya tatu asubuhi mama yako aliweka uji mbele yangu, akakaa, akaniambia nimweleze. Nilimweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Hakulia. Aliuliza tu, "Basi kwa nini uko hapa?"

Nilikwenda kwanza kwa Bwana Miwani. Nilipoanza kusema juu ya majivu alifunga mlango, na usoni mwake niliona kwamba alikuwa amekwisha kujua. Juu ya meza palikuwa na kitabu cha kwao, kimefunguliwa. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba nikisema, watu watauliza nani alitoa amri, na nani alitengeneza, na kwamba nina mke na mtoto. Kisha akaniambia niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda bomani. Ilinichukua muda mpaka kuonana na Bwana Shauri, na muda zaidi mpaka karani akatafsiri bila kucheka. Nikasema ulimi niliutengeneza mimi, Mtopela hakuugusa, na kilichouvunja ni ufundi wa kuvika zinki. Bwana Miwani akaitwa. Akaulizwa kama zinki inaweza kudhoofisha feleji. Akasema hapana.

Nikaomba nijaribiwe. Nilisema niko tayari kuonyesha kwa macho. Bwana Shauri alitazama saa yake, akakubali, ila mwisho ni wakati bendera inaposhushwa jioni, kwa kuwa hukumu ilikuwa itimizwe kesho yake asubuhi. Nikarudi karakanani na askari. Nilichukua sindano mbili za fungu moja. Ya kwanza ilikwisha kuvikwa na kupita majivuni, Mtopela mwenyewe aliilaza humo. Ya pili ilikuwa haijavikwa. Niliiloweka na kuivika palepale, askari akiona. Nikazikunja zote mbili kama pinde, nikazifunga kwa waya, tukaenda kuziweka juu ya ngazi ya boma. Ilikuwa imekwisha kupita adhuhuri.

Sijapata kungoja kama siku ile. Mtu hungoja mvua, hungoja mtoto azaliwe. Mimi nilikaa chini juani nikimwomba Mungu chuma kivunjike. Bwana Miwani alikaa kivulini upande wa pili, naye alikuwa akiitazama sindano ileile. Nadhani aliomba kinyume changu, lakini sikuweza kuona macho yake. Alasiri ikaadhiniwa, sikuinuka. Kila upepo ulipotikisa kitu nilidhani nimesikia mlio. Niliijua sindano ile. Nilijua kwamba ndani yake kitu kinatembea, kinaukuza ufa kidogo kidogo, na kwamba hakuna nguvu ya mtu inayoweza kukiharakisha. Kama ningeanza siku mbili kabla, ningekuwa na siku mbili za kungoja.

Tarumbeta ilipigwa, bendera ikashushwa. Bwana Shauri alitoka, akazigusa zile sindano kwa ncha ya fimbo. Zilikuwa nzima, zote mbili zinang'aa. Alisema neno, na karani akanitafsiria, "Bwana anasema chuma chako kina utii kuliko wewe." Nikapigwa viboko, hamsa ishirini, kwa kupoteza wakati wa serikali wakati wa vita. Makovu yale uliyoyaona mgongoni, ambayo mama yako alikuambia ni ya kuchelewa kazini, ni ya siku hiyo.

Asubuhi watu wa mji waliamriwa wahudhurie. Nilisimama mbele, nikijishikilia, maana mgongo ulikuwa haujakauka. Mtopela alipopitishwa aliniona. Askari mmoja alikuwa amemweleza habari ya sindano, hilo nilikuja kulijua baadaye. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama kazi, na midomo yake ikatikisika kidogo. Sikusikia alichosema. Nimejitahidi miaka hii yote kukisikia.

Saa tatu ya asubuhi ileile, yote yamekwisha, askari wa zamu alikuwa peke yake ngazini. Alisikia mlio. Sindano ya pili ilikuwa imekatika katikati. Ile ya Mtopela ilikuwa bado imekunjwa, nzima. Askari yule ndiye aliyenihadithia: Bwana Shauri alitoka, akaokota vipande viwili, akavishika muda mrefu, akavitia mfukoni, akaingia ndani. Hakuniita.

Mwezi mmoja baadaye Bwana Miwani alijenga tanuri dogo la matofali karakanani, akatoa amri kwamba kila kipande cha feleji kitokacho kwenye zinki kilale humo usiku kucha. Hakueleza sababu. Mimi nikafanywa msimamizi, kama alivyoahidi. Na nilikubali, mwanangu. Mwaka mzima nilisimamia tanuri lile na kupokea salamu za watu. Katika yote niliyokueleza, hilo ndilo lililonichelewesha kuandika. Mwaka ule sikuwa na haraka, wala bwana mlangoni, wala kitanzi. Nilikuwa na kazi nzuri tu. Ndipo mama yako akasema yeye anahamia kwao Lindi, na nikitaka nimfuate.

Vita vilipokwisha, na njaa iliyofuata ikapungua makali, nilisikia kwamba mke wa Mtopela, Bi Zuhura, yuko hai, amekimbilia Pande kwa ndugu wa mama yake. Nilikwenda. Utakumbuka safari ile niliyosema ninakwenda kutafuta makaa. Nilimkuta anatwanga mtama, na watoto wawili wa kiume wakubwa kidogo kuliko wewe wakikarabati ua. Nikamwamkia, nikakaa mbali, nikamweleza kuanzia sindano mpaka tanuri. Hakuacha kutwanga mpaka nilipofika pale nilipomwambia Mtopela ulimi umepita majivuni. Hapo aliweka mchi chini.

Nilipomaliza nilitazamia anifukuze, na ningeona afadhali. Aliniuliza kama mumewe alikuwa ameharibu kile chuma kwa mkono wake. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine duniani anayejua hivyo. Nikasema yupo mke wangu, na Wadachi wawili ambao hawatasema.

Akawaita wale watoto, akawaita na majirani wa ua ule. Wakaja wakakaa.

"Haya," akaniambia. "Sema tena. Mbele yao hawa. Watoto hawa wanaambiwa baba yao alimwua Chitanda kwa maji."

Nikasema tena, mwanzo mpaka mwisho, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu yule mkubwa alikuwa akinitazama kwa macho ya baba yake. Nilipomaliza Bi Zuhura alichukua mchi wake. Hakunipa maji, hakunisamehe, na sikumwomba. Aliniambia niondoke mapema kwa sababu njia ya kurudi ina mbuga.

Hiyo ndiyo habari. Sasa niseme juu ya safari yako, kwa kuwa jua limeanza kuinama.

Sikukatazi kwenda. Bwana Miwani ni fundi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na hana ukatili wa moyo. Utajifunza kwake mambo ambayo mimi siwezi kukufundisha. Alikuwa mwoga siku moja, kama mimi, na woga wake ulikuwa na cheo kuliko wangu. Sijui kwa nini amekuita. Labda anataka kutenda wema. Labda anataka kujua kama nimesema. Inawezekana ni yote mawili. Mimi nimekaa na swali hilo tangu barua ilipofika na sijalipatia mwisho.

Huko kuna ndoano za mabehewa, springi, na pini zinazoshika maisha ya watu wasiokujua. Siku itakuja utashikwa mkono begani mbele ya watu, na kitu kitakuwa kinang'aa, na kitakuwa hakijaiva. Sikuambii utafanya nini. Mimi sikufanya. Nakuambia tu kwamba baada ya hapo, kabla jua halijachwa, mtu atakuja akuulize, na atakuwa mtu anayekuamini. Hapo bado kuna muda. Mimi nilikuwa nao usiku mzima na nusu ya mchana.

Mama yako anajua ninachoandika. Amepita mlangoni mara mbili bila kuingia. Nitakuwa uani, na ukitaka kuniuliza, njoo uulize; na usipotaka kuniona leo, nitaelewa, na sanduku lako nitalibeba kesho mpaka forodhani hata hivyo.

Ukifika karakana ile, atakupokea vizuri. Atakuuliza hali yangu, mwambie ni mzima. Kisha, siku hiyo au baada ya mwezi, mtakapokuwa wawili peke yenu, atakuuliza baba yako amekuambia nini juu ya Kivinje. Usimtukane, wala usiinamishe kichwa. Mwambie, "Ameniambia yote." Halafu ushike nyundo yako uendelee na kazi, umwache yeye achague la kusema.

Ni mimi baba yako,
Mfaume